Jumatano Niliyoifuta

Desemba iliyopita nilipanda Machame kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa Elirehema kabla ya harusi, nikachelewa kwa sababu ya foleni ya magari ya watu wa Dar, ambao kila mwisho wa mwaka wanarudi nyumbani mbio utadhani mlima utahamishwa wasipokuja kuuangalia. Turubai lilikuwa limeshajaa. Elirehema alikuwa bosi wangu wa kwanza na mwalimu wangu wa kazi ya kuandika programu za kompyuta, lakini sikumtambua mara moja. Nywele zimekuwa nyeupe zote, na tumbo ambalo zamani hakuwa nalo sasa linamtangulia kila aendako. Nilimjua kwa sauti. Alikuwa amesimama mbele ya masufuria akimtangazia mpishi: "Natarajia ndizi laini, nyama vipande vitatu, na hata kimoja kisiwe mfupa mtupu." Nilicheka peke yangu pale nilipokuwa, na yeye akageuka, akaniona, akapaza sauti watu wote wasikie: "Anande! Bado unafuta siku za watu?" Mashangazi wa bibi harusi wakanitazama kwa mashaka. Nikajaribu kuwaeleza, lakini muziki ulikuwa mkubwa na habari yenyewe ni ndefu, nikaishia kusema nilikuwa mtoto wakati ule. Si kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijua vizuri nilichokuwa nafanya. Nimerudi Dodoma na swali lake bado limenikaa, basi nitalieleza hapa, mahali ambapo hakuna muziki.

Mwaka ule tulifanya kazi katika chumba kimoja ghorofani, Moshi mjini, nyuma ya soko. Chini yetu, kwenye baraza, walikaa mafundi cherehani watano, na mazungumzo yao yalipanda kupitia dirishani kutwa nzima. Nilijua bibi harusi gani amenenepa baada ya kupimwa, mchungaji gani amerudisha kanzu mara mbili, na nani kakata kitambaa cha watu upande usio wake. Ndani tulikuwa na meza tatu, kompyuta tatu, ubao wa chaki, na kiti kimoja kizuri cha kuzunguka ambacho hakikuwa cha mtu. Elirehema alikuwa ameweka sheria kwamba anakikalia yule ambaye majaribio ya programu yake yote ni ya kijani, yaani yamefaulu, na anayeharibu kitu anainuka. Mimi na Sabas tulikigombania mwaka mzima. Sabas alikuwa kijana wa Tarakea, mrefu, mcheshi, anayerudi kila Jumatatu kutoka kwao na mfuko wa vitunguu na habari za upande wa pili wa mpaka. Alikuwa na tabia ya kukikalia kiti kile huku akiimba, na sauti yake ilikuwa mbaya sana. Asubuhi mlima ukiwa umefunguka tuliuona wote kupitia dirishani, na Elirehema alisema hiyo ndiyo sehemu ya mshahara wetu ambayo haichelewi.

Siku yangu ya kwanza alinipa kazi ndogo: niandike kipande cha programu kitakachojua, katika orodha ya nyumba zinazogawana maji, ni nyumba ipi inafuata. Nusu saa tu nikawa nimemaliza. Nikamwita kwa kujidai. Hakusoma hata mstari mmoja. Aliuliza, "Umejuaje kwamba inafanya kazi?" Nikasema nimeiangalia. Akasema, "Na mimi huo mlima nauangalia kila siku, lakini kileleni sijafika." Kisha akanyoosha mkono, akafuta kazi yangu yote mbele ya macho yangu. Nilitaka kulia, nilitaka pia kumpiga kwa kiti. Akavuta meza yake karibu na kusema tuanze upya, ila safari hii nisiandike programu. Niandike kwanza ninachotarajia. "Nyumba ya tatu ikimaliza, inafuata ya nne." Sentensi moja, ya kompyuta kuihakiki, basi. Tukaiendesha, na kwenye kioo ukatokea mstari mwekundu, kwa sababu programu yenyewe haikuwepo bado. "Safi," akasema. Nikashangaa mtu anayefurahia kufeli. "Jaribio ambalo hujaliona likifeli hulijui," akasema. "Sasa andika kiasi cha kuligeuza kijani tu, usiongeze hata chumvi." Nikaandika mistari miwili, ikawa kijani. Tukaandika jaribio la pili: nyumba ya mwisho ikimaliza, inafuata ya kwanza. Nyekundu. Nikarekebisha. Kijani. Kufikia mchana nilikuwa na majaribio saba na programu fupi kuliko ile niliyofutiwa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba ile ya kwanza isingejua la kufanya ikifika nyumba ya mwisho. Sikumwambia. Nadhani alijua tangu mwanzo.

Utaratibu huo hakuuacha ofisini. Tulikula mchana kwenye mgahawa wa mama mmoja aliyekuwa hodari wa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na Elirehema hakushika kijiko kabla hajatangaza anachotarajia. "Mtori wa moto. Nyama mbili. Pilipili pembeni, si ndani." Bakuli likifika analichunguza, anakoroga, anahesabu, halafu anatoa hukumu. "Imefeli. Nyama ni moja." Yule mama alikuwa akimjibu bila kugeuka kutoka jikoni: "Mwalimu, natarajia ule unyamaze." Na sisi tukaanza kumwiga. Tulitarajia meseji za wapenzi wetu, tulitarajia umeme kukatika, tulitarajia mvua. Sabas alitarajia kwa sauti kwamba msichana wa duka la vocha atamkubali, akaenda kuuliza, akarudi akatuambia ni nyekundu. Siku hizi vijana ninaowasimamia wananionyesha mashine inayoandika programu nzima kwa dakika moja, kisha inaandika na majaribio yake yenyewe, yote kijani. Nawapongeza, kisha nauliza ni nani alisema kwanza alichotarajia. Wanadhani nawatania.

Programu tuliyokuwa tunaijenga ilikuwa ya mfongo. Mfongo ni mfereji wa maji uliochimbwa na wazee kwa jembe, unatoka mtoni juu huko, unashuka ukizunguka miteremko hadi kwenye vihamba, kila kihamba na migomba yake na kahawa yake. Mfongo wetu ulikuwa Uru, ukigawanywa kwa nyumba ishirini na mbili, kila nyumba nusu siku, kwa hiyo zamu inazunguka kwa siku kumi na moja. Zamani alikuwepo mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kutangaza zamu. Alipozeeka watu wakaanza kukosana, huyu anafungua maji kumbe si siku yake, yule anaamka anakuta mfereji mkavu. Mzee Aloyce, ndiye aliyekuwa mkuu wa mfongo, alisikia kwamba kuna vijana mjini wanaoweza kufanya simu imtangazie kila mtu zamu yake, akashuka mwenyewe kuja kutuona. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanda kwake kila wiki kukusanya sheria. Nilikaa naye kwenye ukingo wa mfereji na daftari magotini, naye alinitajia sheria moja, nikaiandika, nikadhani tumemaliza, kisha anavuta ugoro na kuanza: "Ila..." Asiyekuja kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, anapoteza zamu moja. Ila kama ana mzazi ndani, mwanamke aliyetoka kujifungua. Ila mzazi mwenyewe awe hajafikisha miezi mitatu. Kila "ila" ilikuwa jaribio jipya. Sabas alisema mfongo wa Uru una ila nyingi kuliko maji.

Kati ya zote, moja aliisema akiwa ameweka ugoro chini. "Nyumba yenye msiba haiguswi. Zamu yao ikiangukia kwenye msiba, inawasubiri. Siku wanapoanua matanga, kesho yake asubuhi maji ni yao, kabla ya mtu yeyote. Watu wametoka kuzika, huwezi kuwaambia wapange foleni." Niliiandika vile vile alivyosema, na nilipofika ofisini nikaigeuza jaribio. Kichwa chake kilikuwa "Nyumba yenye msiba inapata maji kesho yake." Ndani yake nikaweka mfano: matanga yanaanuliwa Jumanne, kwa hiyo natarajia Jumatano.

Kila nilipotoka kwa Mzee Aloyce nilipita kwa Bibi Pulkeria, kwa sababu kihamba chake ndicho kilichofuata njiani na kwa sababu alipika kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, ambacho sijakipata tena popote. Alikuwa mjane, anaishi na ng'ombe mmoja aliyempenda na kumtukana kwa kiasi sawa. Goti lake moja lilikuwa bovu. Nyuma ya nyumba alikuwa na kitalu cha miche ya kahawa, mia tatu, kila mmoja kwenye mfuko wake, juu yake kivuli cha majani makavu ya migomba. Mibuni ya kihamba kile ilipandwa na mumewe na ilikuwa imezeeka, na alikuwa ameapa kuibadilisha yote mvua za masika zitakapofika, kabla hajafa yeye mwenyewe. Pembeni ya kitalu alichimba shimo akalitandika nailoni. Siku ya zamu yake analijaza maji ya mfongo, na siku zinazofuata anamwagilia kwa kopo, mche mmoja mmoja, akiongea nayo. "Kula, mjukuu," aliniambia, "hiyo kompyuta haitakunenepesha." Nilikula. Nilimwambia nikimaliza kazi yangu hatauliza tena zamu yake ni lini, itamjia yenyewe kwenye simu. Alifurahi kweli.

Sasa nafika pale. Ilikuwa Ijumaa mwanzoni mwa Septemba, na Jumamosi wanamfongo wote walikuwa wakutane kuzindua mpango mpya. Elirehema na Sabas walikuwa wameshuka Mabogini kuonana na wakulima wa mpunga, ambao nao walikuwa wamesikia habari zetu na walitaka ya kwao. Nilikuwa peke yangu chumbani. Majaribio yalikuwa tisini na sita, tisini na tano kijani, moja jekundu, na hilo moja lilikuwa la msiba. Badala ya kusema Jumatano, programu ilisema Jumamosi ya wiki inayofuata. Niliona haraka kosa liko wapi: nyumba yenye msiba niliitoa kwenye mzunguko, na wakati wa kuirudisha niliiweka mkiani, isubiri wengine wote wapite. Kurekebisha kulihitaji kuvunja mzunguko wenyewe na kuupanga upya, kazi ya siku mbili. Simu ikaita. Alikuwa Elirehema, na nyuma yake nikasikia wakulima wakicheka. "Hali ikoje? Natarajia kijani." Nikasema, "Kijani zote." Nilisema kabla ya kufanya. Kisha, ili nisiwe mwongo, nikafungua lile jaribio, nikafuta neno Jumatano, nikaandika Jumamosi. Nikaendesha. Tisini na sita, kijani, na nikahamia kwenye kiti kizuri.

Nimefikiria sana kuhusu dakika ile, na sitajitetea kwa haraka wala kwa ujana. Ningeweza kumwambia moja bado, na Mzee Aloyce angeelewa, angesema msiba ukitokea wiki hii tutatangaziana kwa mdomo. Nilichotaka ni kile kiti, na sifa ya kesho yake. Nilijiambia nitalirekebisha Jumatatu, na Jumatatu nilikuwa na kazi za Mabogini. Uzuri wa majaribio, ndivyo Elirehema alivyotufundisha, ni kwamba yanakukumbusha ulichosahau. Hili langu nililiziba mdomo kwa mkono wangu, kwa hiyo halikuwa na namna ya kunikumbusha.

Na niseme kweli, miezi iliyofuata ilikuwa ya raha tupu. Uzinduzi ulikuwa sherehe. Simu ishirini na mbili zililia karibu kwa wakati mmoja pale kando ya mfereji, na akina mama wakapiga vigelegele kama vile kazaliwa mtoto. Mzee Aloyce alipata kazi moja tu: kukiwa na msiba au mzazi anatuma meseji fupi kwenye namba yetu, na mengine programu inajipangia. Alisema kwa mara ya kwanza tangu ujana wake analala mchana. Sisi tukanenepa kwa mbege, pombe ya ndizi, za kukaribishwa. Ugomvi wa maji uliisha kabisa, na watu wakaacha hata kuulizana zamu ni ya nani, maana kila mtu alingoja simu yake imwambie. Sikukuu za Krismasi, watoto wa Uru wanaoishi mijini waliporudi, walionyeshwa meseji zile, na mmoja akasema hata Dar hakuna kitu kama hicho. Nilipita njiani nikijiona mtu mkubwa.

Mwishoni mwa Februari, jua likiwa kali na mfongo ukiwa mwembamba, nilipanda tena, nikapita kwa Bibi Pulkeria na njaa yangu ya kawaida. "Shikamoo Bibi." "Marahaba." Basi. Hakuniambia karibu, hakuniambia kaa. Aliendelea kukata majani ya ng'ombe. Nilisimama uani nikiwa sijui niweke wapi mikono yangu, nikasema pole kwa msiba, maana nilikuwa nimesikia kwamba shemeji yake, mdogo wa mwisho wa marehemu mumewe, alifia Dar akaletwa kuzikwa kihambani, wakati mimi niko Mabogini. Akasema asante. Nikasogea nyuma ya nyumba kuangalia kitalu. Miche mingi ilikuwa kahawia, majani yamejikunja, ukiyagusa yanavunjika. Shimo la nailoni lilikuwa na vumbi chini.

"Bibi, kumetokea nini?"

"Zamu yangu imesogezwa," alisema. "Kikao kimeamua."

"Kikao kipi?"

"Sijui. Mimi sikuitwa." Akaniletea simu yake, ndogo ya vibonyezo, akaishika mbali na macho yake, kisha akanipa niisome. Matanga yalianuliwa Jumanne. Meseji ilisema zamu yako ni Jumamosi ya wiki ijayo. "Nilikaa Jumatano nikisubiri," akasema. "Maji yakapita hapo nje kwenda kwa jirani. Nikasema sawa. Tumemzika shemeji, wanaume wa nyumba hii wamekwisha, wameona hakuna wa kuwapigia kelele. Sikuuliza. Siwezi kwenda kuomba kitu ambacho ni changu."

Hapo nilitakiwa kufungua mdomo. Nilisema nitaangalia, nikashuka mlima karibu nikikimbia.

Ofisini niliendesha majaribio yote, na yakaja kijani kutoka juu hadi chini. Nililitafuta lile moja, na kichwa chake bado kilisema "Nyumba yenye msiba inapata maji kesho yake", huku chini yake, kwa mkono wangu, imeandikwa Jumamosi. Nilimwita Elirehema nikamwonyesha, nikamweleza yote, hadi simu ya Mabogini. Chini mafundi walikuwa wanabishana kuhusu zipu. Alisoma kichwa cha jaribio, kisha mstari ulio chini yake. "Mtu akiandika programu mbovu nitamfundisha," akasema. "Wewe uliandika shahidi, halafu ukamhonga." Nikainamisha kichwa. "Haya," akasema, "sema unatarajia nini."

"Natarajia utanifukuza."

"Imefeli. Andika tena."

Nikafuta machozi. "Natarajia utanituma kwa Bibi nikamwambie mwenyewe."

"Kijani," akasema. "Na kwanza urekebishe, usiende mikono mitupu."

Nilirekebisha kwa siku mbili na nusu, na Sabas alinisaidia bila kuimba hata mara moja. Halafu nikapanda Uru. Kwetu mtu akikosa kosa kubwa anamwendea aliyemkosea na jani la isale, ule mmea wa majani marefu unaooteshwa kwenye mipaka ya vihamba, na anayeletewa jani hilo ni vigumu mno kukataa kusamehe. Nilikuwa nimeona wazee wakifanya, sijawahi mwenyewe. Nilivunja jani kwenye mpaka wa kwanza niliokutana nao, na sauti ikatoka migombani: "We mtoto, umemkosea nani?" Ulikuwa mpaka wa Mzee Aloyce. Nikamwamkia, nikamweleza palepale nikiwa nimeshika jani lake. Alikaa chini taratibu kwenye jiwe. "Mimi nilituma meseji ya msiba," akasema. "Nikajua kapata Jumatano. Nililala mchana." Kisha akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu: "Ndiyo maana Pulkeria hapokei salamu."

Bibi alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, mimi nimepiga magoti. Nilimwambia nilifuta Jumatano yake kwa sababu nilitaka kusifiwa, na kwamba hakukuwa na kikao chochote. Alitazama jani, hakulipokea. Aliuliza kitu kimoja tu. "Kwa hiyo si wao?"

"Si wao, Bibi. Ni mimi peke yangu."

Akafunga kanga yake upya. "Lishike hilo jani," akasema. "Njoo nalo Jumapili baada ya misa, kwenye kichwa cha mfongo. Na hiyo mashine yako."

Jumapili nyumba zote zilikuja pale juu maji yanapoanza kugawanywa, wengine bado na nguo za kanisani, na Elirehema, ambaye ni Mlutheri, alisali mapema kwao akaja pia, akakaa nyuma kabisa. Niliweka kompyuta juu ya kreti, lakini jua lilikuwa kali hata kioo hakionekani, ikabidi mama mmoja atoe kitenge chake tujifunike. Kwa hiyo kazi hiyo yote tuliifanya mimi na Bibi Pulkeria tukiwa vichwa ndani ya kitenge, tunatoka jasho, na watu wanacheka nje. Nikamwomba aseme anachotarajia, na mimi nitaandika. Hakufikiri sana. Alisema, "Natarajia nikitoka kuzika, majirani zangu wanipe maji kesho yake." Nikairudisha Jumatano mahali pake, nikaendesha kwanza kwa programu ya zamani, ile iliyomnyima. Mstari mwekundu. Bibi akatoa kichwa nje, akainua kitenge, akawaita waje mmoja mmoja waangalie. Waliingia wote, hata Mzee Aloyce, ambaye goti lilimsumbua kuinama. "Mmeiona?" Bibi akawauliza. "Hiyo nyekundu nimekaa nayo siku kumi, nikidhani ni ninyi."

Hakuna aliyecheka tena. Niliweka programu mpya, nikaendesha, ikawa kijani, na nadhani ni watu watatu tu waliojali kuiangalia. Nikapiga magoti pale kwenye majani mabichi ya ukingoni, nikainua jani la isale kwa mikono miwili, nikaomba msamaha kwa Bibi Pulkeria mbele ya nyumba ishirini na moja. Safari hii alilipokea. Alilishika kidogo, akalinyoosha kwa vidole, kisha akageuka, akawaelekea majirani zake, na goti lake bovu lile akajaribu kulikunja.

"Mlinisalimia njiani nikageuza uso," akasema. "Mama Deo, ulileta maziwa ya kunipa pole nikampa mbwa. Nimesema juu yenu, mbele ya ng'ombe wangu, maneno ambayo hata padri sitamwambia. Nisameheni." Akampa Mzee Aloyce jani.

Mzee Aloyce alilipokea kwa mikono yote miwili. Jumamosi ya Bibi ilikuwa imepita jana yake, lakini maji membamba ya kiangazi hayakujaza hata nusu ya shimo lake. Mchana ule zamu ilikuwa ya mzee mwenyewe, na maji yalikuwa tayari yameelekezwa kwake. Alinigeukia mimi. "We mtoto," akasema, "nenda kageuze maji yaende kwa Pulkeria." Nikavua viatu, nikaingia mferejini.